Mama Rangi na Nyumba ya Mdogo Wake

Kama hujawahi kumwonea mtu wivu, haya ya jirani yangu hayakuhusu. Nenda kalale. Sisi wengine tutaelewana.

Tunamwita Mama Rangi. Ni fundi wa kupaka rangi nyumba, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba ngazi. Ukuta kati ya chumba chake na changu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya, yeye ndiye aliyenipa pole. Ukiingia kwake ungedhani umeingia duka la vitambaa: ukuta huu kijani, ule waridi, wa tatu rangi ya maziwa, na dari ya buluu. Yote yalikuwa mabaki ya kazi zake. Mafundi wa rangi wana desturi yao, kwamba kazi ikiisha, kinachobaki chini ya kopo ni cha fundi. Kwa hiyo jirani yangu alikuwa akilala katikati ya nyumba za watu, kipande kipande.

Ana mdogo wake wa kike, tumbo moja. Zamani walipanga pamoja, chumba kimoja, kitanda kimoja. Kisha mdogo akapata kazi ya ofisini, ofisi ikamdhamini benki, naye akanunua nyumba kuukuu mtaa wa pili kutoka hapa. Wakati huo mtaa wenyewe hakuna aliyeutaka, kwa ajili ya harufu ya kiwanda cha ngozi. Mama Rangi naye akaenda benki. Wakamwomba hati ya mshahara, akawaonyesha viganja vyake. Walicheka kwa adabu na kumfungulia mlango atoke.

Hapo ndipo donge lilipomkaa. Mimi simpambi: alikuwa na wivu, tena wa waziwazi. Alimpenda mdogo wake, ila nyumba ile hakuipenda. Kila akitoka kumtembelea alikuja kunimwagia ya moyoni.

"Ana sinki mbili," alikuwa akiniambia hata kabla hajavua viatu. "Mtu mmoja, sinki mbili! Kwani ana mikono minne?"

Lakini nyumba hiyo hiyo ikichakaa, ni yeye aliyeipaka, bure. Mdogo mtu alitoa rangi na chai, dada mtu akatoa mikono, kwa sababu fundi hamtozi ndugu yake. Nilipomcheka alinijibu kwa ukali kwamba hawezi kukubali fundi mwingine aje aiharibu kazi yake.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa, barabara ikatiwa lami, watu wenye magari wakaanza kupita polepole wakichungulia mageti. Bila mwenyewe kupigilia hata msumari, nyumba ya mdogo ikawa inapanda bei mchana na usiku. Akaamua kuiuza ahamie kubwa zaidi. Dalali akamshauri aipake nyeupe kwanza, nje na ndani, maana wanunuzi wanapenda nyeupe. Unajua nani aliitwa.

Sijawahi kumwona Mama Rangi akifanya kazi vile. Alipiga msasa mpaka kuta zikawa laini kama shavu la mtoto. Alirudi jioni nywele nyeupe kwa vumbi, akikohoa na kulalamika, na asubuhi akabeba tena ngazi yake. Nilimuuliza kisa cha kujiua kwa ajili ya nyumba anayoichukia. Akasema anataka mnunuzi akiingia aulize aliyepaka ni nani, asiulize mwenye nyumba ni nani.

Nyumba ikauzwa. Bei yake alinitajia kwa kunong'ona, kama habari ya msiba.

Haikupita wiki, baba mwenye nyumba wetu akaja na funguo zake kiunoni, mpole kama kawaida yake.

"Mama, habari za nyumba ya mdogo wako unazo?"

"Ninazo, baba."

"Basi utanielewa. Mtaa umepanda. Kuanzia mwezi ujao na chumba hiki kinapanda."

Akaniambia na mimi vilevile. Mimi nina kijana anayefanya kazi, angenisaidia. Mama Rangi hana mtu. Bei mpya hakuiweza, na penye vyumba vya kumudu ni kule nje kabisa ya mji, ambako nyumba zenyewe ni matofali matupu na hakuna anayemwita fundi wa rangi. Yaani alipanda ngazi kwa miguu yake akaipandisha bei ya chumba chake mwenyewe. Angehama, angepoteza na kazi.

Mambo yakiwa hivyo, mdogo wake akatokea uani, macho mekundu. Mimi nilikuwa bombani naosha vyombo, na sikuondoka. Ningeondokaje?

"Dada, wananiibia," akasema.

"Nani tena?"

"Serikali! Inataka sehemu ya faida ya nyumba. Mimi nimejinyima miaka yote nalipa benki, leo wao wanakuja kukaa mezani na kijiko!"

Mama Rangi akamsogezea kigoda. Mdogo akaketi, akapangusa macho, akaeleza. Afisa wa kodi amemwambia kwamba gharama za matengenezo zinatolewa kwenye faida, mradi azionyeshee risiti.

"Sasa wewe umeipaka ile nyumba mara ngapi, dada? Niandikie tu risiti. Sema nilikulipa. Weka kiasi kizuri."

"Hukunilipa."

"Dada, ndugu kwa ndugu tungelipana? Ni karatasi tu."

"Mwisho wa mwezi sina pa kulala," Mama Rangi akasema. "Chumba kimepanda kwa ajili ya nyumba yako."

Mdogo akaupapasa mkono wa dada yake kwa huruma ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniudhi.

"Si nilikuwa nakwambia ujibane? Usinielewe vibaya, lakini umaskini mwingine ni kutopanga tu. Mimi nilipanga."

Nilisugua sufuria mpaka nikaogopa itatoboka. Mama Rangi hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu, mimi nakuonea wivu. Nakuonea tangu siku uliyopewa funguo, na sinki zako zote mbili nazionea wivu. Sijakuficha. Ila kujibana hunifundishi wewe. Nimekunywa chai isiyo na sukari mpaka nikiwekewa sukari naona kichefuchefu." Akavuta pumzi. "Risiti nitakuandikia. Nilipe kwanza."

"Nikulipe?"

"Kila mara niliyopaka. Nusu bei, kwa sababu ni wewe. Risiti itakuwa ya kweli, kodi yako itapungua, na mimi nitabaki na chumba changu."

Hakuwa anatania, na mdogo wake aliliona hilo. Akatoa simu, akaanza kupiga hesabu. Akafuta, akapiga tena. Mama Rangi alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anayesubiri majibu ya hospitali, na mimi nikafunga bomba ili nisikie vizuri.

"Aa, dada," mdogo akasema mwishowe, na machozi yalikuwa yameshakauka. "Nikikulipa wewe natoa pesa nyingi kuliko nitakazookoa kwenye kodi. Heri niwalipe serikali tu."

Akambusu shavuni, akaenda zake. Na kodi aliilipa kweli, yote, bila kuchelewa.

Siku ya kuhama nilimsaidia Mama Rangi kufunga godoro kwa kamba. Tukiwa katikati ya kazi nikamuuliza kama bado anamwonea wivu mdogo wake.

"Yule nimeshamzoea," akasema, akiikaza kamba kwa goti. "Sasa hivi naionea wivu serikali. Haijapanda ngazi hata siku moja, na mdogo wangu ameilipa."