Mashine ya Gemu ya Pili

Almasi aliponunua mashine ya gemu ya pili, na ile ya kwanza ikiwa nzima haina hata mkwaruzo, kila aliyemfahamu alikuwa na la kusema. Mwenzake wa meza ya kukatia alisema binadamu ana mikono miwili tu, na mikono miwili inashika pedi moja ya kuchezea. Bosi, ambaye maishani mwake hajawahi kucheza gemu hata ya simu, alitikisa kichwa na kusema watu wazima wana mambo. Karakana nzima ya vioo ilipata la kupigia soga tangu asubuhi hadi chai.

Almasi si jina lake. Alibandikwa hapo kazini kwa sababu ya kisu chake cha kukatia vioo, kile chenye ncha ya almasi, ambacho hamwazimi mtu hata siku anayoumwa. Ni mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye mkono mtulivu. Akitaka kukata kioo huvuta pumzi, hupitisha kisu mara moja tu, kisha hugonga kwa kifundo cha kidole na kioo kinaachana vipande viwili kimyakimya. Wengine hupitisha kisu mara mbilimbili na kumwaga vigae sakafuni, halafu wanalaumu kioo.

Majibu alikuwa nayo tele. "Kuna gemu ziko kwenye mashine ya kampuni hii tu," aliwaambia, "na nyingine ziko kwenye ile tu. Ukiwa na moja, nusu ya michezo unaisikia kwa watu." Mwenzake alipocheka, akaongeza, "Halafu moja ikiharibika, nyingine ipo. Na mke wangu naye anacheza. Tugombanie moja mpaka lini?"

Yote hayo yalikuwa kweli. Wapo watu wenye mashine mbili kwa sababu hizohizo na hawana kosa. Ila Almasi hakununua kwa sababu hizo. Alinunua ili mkewe asimwone anavyocheza.

Tuanze na huyo mke. Ni msusi mwenye saluni yake mtaa wa pili, mwepesi wa vidole na wa ulimi, na gemu ya mpira ndiyo iliyowaunganisha kuliko sherehe ya ndoa yenyewe. Kwa miaka walicheza kwenye kochi moja, goti kwa goti, televisheni moja, mashine moja, pedi mbili. Aliyefungwa aliosha vyombo. Rangi ya ukuta wa sebule iliamuliwa kwa mechi. Safari ya kwenda kwa wakwe, waanze kwa wa nani, iliamuliwa kwa mechi na mikwaju ya penalti. Na katika kucheza hivyo, kila mmoja alimjua mwenzake mpaka ndani: Almasi alijua mkewe akikasirika hupiga mashuti ya mbali, na mkewe alijua Almasi akiwa na wasiwasi husafisha koo kabla ya kona.

Sasa, kwenye gemu ile uwanja unatazamwa kutoka pembeni. Kuna upande ulio karibu, chini ya kioo cha televisheni, na kuna upande wa mbali, kule juu. Siku moja Almasi aligundua kwamba upande wa mbali umeanza kumpotea. Si giza. Hapakuwa na kitu, basi. Winga wa mkewe alikuwa anatokea hewani, tayari yuko langoni. Ili amwone mapema, ilimbidi ainue kidevu kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

Alikwenda kliniki ya macho peke yake, akiaga kazini kwamba anafuata gundi. Daktari alimkazia taa, akamwambia atazame nukta moja na abonyeze kitufe kila aonapo cheche. Nyingi hakuziona. Ilikuwa presha ya macho, ya macho yote mawili, na sehemu ya juu ilishaliwa. Iliyopotea hairudi, daktari alisema. Iliyobaki inaweza kulindwa kwa dawa, pengine na upasuaji, ila kwa sharti asikose kurudi. "Na ukirudi, njoo na mtu wa nyumbani," alimalizia. Almasi aliitikia kwa adabu zote, akatoka, na hakurudi.

Wala hakuwa mjinga. Aliogopa. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa, na macho yalimzimika kwa ugonjwa huohuo. Miaka yake ya mwisho mama yao alikuwa akimshika mkono wa shati na kumpeleka: chooni, mezani, uani, kitandani. Akishikwa, mzee alifoka kwamba yeye si mtoto. Akiachwa, alifoka kwamba ametelekezwa. Mama akanyamaza mwaka hadi mwaka, na Almasi akakua akiuchukia ule mkono wa shati kuliko alivyouchukia upofu wenyewe. Aliapa moyoni kwamba mkewe hatamshika hivyo. Na mtu akishaapa jambo la kipumbavu, huwa na juhudi ya ajabu katika kulitimiza.

Kazini aliweza kujificha, kwa kuwa kioo hukatwa kikiwa kimelala mezani na macho yanatazama chini. Ngazi alianza kuwapisha vijana, akisingizia magoti, na kisingizio hicho alikibeba hadi nyumbani. Nyumbani, kochini, goti kwa goti na msusi yule, kile kidevu kingemfichua kabla wiki haijaisha. Ndipo akili ikamjia: mashine mbili, vyumba viwili. Watacheza kwa mtandao kama wachezaji wakubwa, yeye chumba cha nyuma na televisheni ndogo, mkewe sebuleni na ile kubwa. Huko nyuma angeinua kidevu mpaka shingo ikome, nani amwone?

Mkewe alishangaa, lakini hakubisha. Aliyebisha ni shemeji, mdogo wake mkewe, ambaye hufika Jumapili mchana na njaa yake na maoni yake.

"Shemeji, hebu nieleze taratibu," alisema akijipakulia. "Nyumba moja, watu wawili, mnacheza mpira mkiwa mmefungiana milango?"

"Ndiyo raha yake. Hakuna anayechungulia mbinu za mwenzake."

"Mashine mbili, televisheni mbili. Kwani una macho manne?"

Msusi alicheka. Almasi naye alicheka, akachelewa kidogo kuanza, akachelewa pia kuacha. Kisha akasema anakwenda kuangalia kama mashine imejizima.

Hapo ndipo hesabu zake zilipoharibika, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na mchezaji tu. Alijificha asionekane na aliyekaa kando yake, akasahau kwamba huyohuyo ndiye anayecheza dhidi yake. Uso aliuficha, lakini mchezo wenyewe aliuacha wazi. Mechi za kwanza msusi alipita upande wa mbali kama mtu anayepita sebuleni kwake; kidevu Almasi alikiinua, lakini kila mara kwa kuchelewa. Alifunga, akafunga tena, na vyombo vikawa vya Almasi siku zote.

Kwanza mkewe alitamba. Kisha akakasirika. Alikuja mlangoni na pedi mkononi, akauliza, "Unanivika kilemba cha ukoka? Kama hutaki kucheza na mimi, sema."

"Umeimarika tu."

"Sijaimarika hivyo."

"Umeimarika, mke wangu. Pokea sifa zako."

Mkewe akarudi sebuleni na pedi yake. Haikupita wiki, Almasi akaingia jikoni kuchota maji. Mlango wa kabati la juu ulikuwa wazi, naye akaupiga na paji la uso mpaka vikombe vikalia. Mkewe alikuwa amesimama palepale, anakata vitunguu. Alisema pole, akaufunga ule mlango polepole, akaendelea na vitunguu. Almasi alishukuru kwamba hakuuliza.

Tangu hapo mambo yakageuka. Almasi alianza kushinda. Si kila mara, lakini mechi zikawa mechi, za bao kwa bao. Alilala akitabasamu. Akajipa moyo kwamba labda daktari alitia chumvi, labda macho yamepumzika, labda amezoea. Kazini alitembea kifua mbele na kumwambia yule mwenzake wa mezani kwamba mashine ya pili imempandisha kiwango, na kwamba asiye na mbili hajui anachokikosa. Mwenzake alianza hata kuulizia bei. Zile tarehe za kliniki zilipita, na yeye akaziacha zipite bila kujuta.

Halafu ikaja Jumapili ambayo shemeji hakuja. Nyumba ilikuwa tulivu, jua la mchana limelala kwenye zulia la chumba cha nyuma. Almasi alikuwa anaongoza bao moja. Mkewe alipata mpira katikati ya uwanja, akausogeza, akasita, akaurudisha nyuma kwa beki. Almasi akaunyang'anya pale pale, akakimbia nao, akafunga. Alisimama peke yake chumbani akanyoosha ngumi.

Gemu ikaonyesha marudio ya bao, na ya jinsi mpira ulivyopotea. Marudio hayatazami kutoka pembeni. Yalitazama kutoka nyuma ya lango, chini kabisa, na uwanja wote ukalala mbele yake, mbali na karibu, wazi kama meza ya karakana. Akamwona winga wa mkewe upande wa mbali. Yuko peke yake. Hakuna beki hata mmoja karibu naye, njia nyeupe hadi langoni, na mkono ameuinua anaomba mpira. Hata aliyejifunza gemu jana angempa. Msusi alikuwa ametazama huko, akasita, akarudisha nyuma.

Almasi alikaa. Alisimamisha mechi, akarudia tena yale marudio, halafu ya bao lililotangulia. Winga yuleyule, mkono juu, hapewi. Akakumbuka mechi ya jana yake, na zile za wiki iliyopita. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mkewe alipita kule.  Aliona aibu ya mtu aliyetamba barabarani kumbe nguo imechanika nyuma, na watu wanamsitiri kwa kunyamaza.

Aliweka pedi chini, akaenda sebuleni. Mkewe alikuwa kochini, upande wake uleule wa zamani, ule mwingine ukiwa mtupu.

"Kwa nini hupiti upande wa mbali?" aliuliza.

Msusi hakujifanya hajaelewa. "Kwa sababu huko huoni."

 Almasi alitaka kufoka, na sauti aliyoisikia ikijiandaa kooni ilikuwa ya baba yake, ileile. Akaimeza.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kabati. Kabla ya hapo nilidhani umenichoka. Nilidhani umenunua mashine ili usikae na mimi." Sauti yake ilikatika, akaisubiri irudi. "Nimekaa hapa peke yangu nikijiuliza nimekukosea nini. Halafu nikaona ukipigiza kichwa kwenye kitu ambacho hata mtoto angekiona tangu mlangoni. Nikasema aa, kumbe ni hivyo. Nikangoja uniambie."

"Ungeuliza."

"Ungeniambia magoti."

Almasi alisogea kochini. Akakaa, si karibu sana, akamweleza yote: daktari, nukta, cheche, dawa, kurudi ambako hakurudi. Alieleza akitazama sakafu, ambayo aliiona vizuri. Alipofika kwa baba yake alisita, kwa kuwa hapo ndipo palipouma, kisha akasema haraka ili limtoke: "Sitaki uje uniongoze. Nilimwona mama. Sitaki uishi ukinishika shati, na mimi nikikutukana."

Msusi alikuwa analia sasa, waziwazi, na alikuwa na hasira pia, vyote kwa pamoja. Alifuta uso kwa kiganja.

"Wiki zote hizi nimekuongoza," alisema. "Kila mechi. Nimekupitisha kwingine ili usianguke, na wewe ukatoka humo ndani unacheka. Hebu niambie, umeumia wapi?"

Almasi alipatafuta. Alitafuta kwa kweli, kama mtu anayepapasa mifukoni. Aibu ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa ya siku ile, ya marudio. Kabla ya hapo alikuwa ameongozwa mwezi mzima na alikuwa na furaha, na alikuwa hajamfokea mtu.

"Kliniki wanafungua saa mbili asubuhi," alisema mwishowe. "Waliniambia nije na mtu wa nyumbani."

"Nitafunga saluni."

"Na wateja?"

"Nywele zao haziendi popote."

Alivuta pumzi, kama afanyavyo mezani kabla ya kupitisha kisu. "Bosi naye nitamwambia. Kuhusu ngazi."

"Utamwambia kesho. Leo mechi haijaisha," mkewe alisema, akaokota pedi yake. Dakika zilizobaki zilikuwa za kutosha bao, hata mawili. "Rudi huko ndani."

Almasi aliinuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Pita upande wa mbali," alimwambia. "Nifunge."

Akarudi chumba cha nyuma, akaketi, akainua kidevu. Mlango aliuacha wazi.