Siku Nilipogawa Ordinatere Yetu Kama Shamba

Mimi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa ine wa primaire, kule Kalunguta, nikaacha. Lakini nyumba tunamolala hapa Kimemi, plan yake nilichora mimi mwenyewe kwa kijiti mu udongo, na fundi alikuja akaizunguka, akasema, "Patron, hapa hakuna cha kuongeza." Magazini yangu, duka ya misumari na mabati, ilianza ikiwa kikapu ku kichwa. Donc, siku binti yangu alirudi kutoka Beni kwa likizo, akasema ordinatere yetu moja inaweza kubeba mifumo mbili, damu ilinichemka kwa furaha. Kitu cha kugawa! Mimi napenda kugawa.

"Mifumo mbili namna gani?"

"Papa, ni sawa kiwanja kimoja chenye nyumba mbili. Ukiwasha, inakuuliza: leo unaingia kwa nani? Kwa Windows ya mama, ao kwa Linux yangu ya masomo?"

Anasoma informatique kule Beni, na mwalimu alimpa kazi ya kufanya mu Linux. Ordinatere mu nyumba ni ile moja tu, na yenyewe ni ya bibi yangu, mama ya binti. Iko imefungwa ku mashini yake ya broderie, ile inashona maua na maandishi juu ya kitambaa bila mukono wa mutu. Bibi anachora mu Windows, mashini inafuata. Siku zile bamama ba kanisa balikuwa bamemuletea vitambaa vyote vya sikukuu, na sikukuu ilikuwa jumapili yenye kufuata. Michoro ilikuwa tayari. Kushona bado.

"Na maua yangu?" bibi akauliza.

"Hayatagusiwa."

"Papa batoto, ninakujua. Ulisema vile juu ya radio ya mama yangu."

"Radio ilikuwa muzee!"

"Ordinatere ikikufa, wewe ndiye utaenda kusimama mbele ya bamama, uwaambie wavae mashuka."

Nilimuambia asiogope. Ni nani aligawa shamba ya marehemu baba yetu, batoto wote wakatoka bila hata mumoja kununa? Ni mimi. Na kwetu shamba haigawiwi mu kificho. Unaita bashahidi, wanatembea ku mupaka na miguu yao, mimea ya mupaka inapandwa mbele ya macho yao, kisha munakula pamoja. Nikasema, na hii itakuwa vile. Niliita ndugu yangu mukubwa kutoka Kalunguta, akakuja na mukungu wa ndizi ku kichwa, viatu vya mvua ku miguu. Niliita na jirani yetu, muislamu mumoja anauza telefone na ordinatere za occasion, zenye zilishatumiwa, ku kona ya avenue yetu. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa, bashahidi ya kuweka Linux?"

"Kesho mutu asiseme sikugawa vizuri."

Tulikaa wote mbele ya meza, salon ikiwa wazi, courant ya umeme nzuri, jua bado juu. Binti alianza. Aliingia mu Windows ya mama yake, akaipunguza, akatoa nafasi nyuma yake. Juu ya ekra tuliona mustari murefu wenye rangi, umekatwa vipande. Nilisimama! Ilikuwa shamba kabisa. Mukubwa yangu akaweka kidole.

"Hii kubwa ni ya mama?"

"Ndiyo, baba mukubwa."

"Na hii yenye haina rangi?"

"Hapo ndipo nitajenga."

"Mutoto muanamuke anapata shamba," mukubwa akasema, "dunia imeenda mbele."

Jirani akaangalia saa, akasema anaenda kuswali alasiri, atarudi mbele ya chai kupoa. Binti akaingiza flash ya Linux, akawasha tena, na ule mustari wa rangi ukarudi. Hapo mama yake akamuita kutoka jikoni. Wageni hawawezi kukaa bila chai, na binti wa nyumba ndiye anawapa maji ya kunawa. Akasimama.

"Papa, hapana gusa kitu."

"Ninaangalia tu."

Na kweli nilikuwa naangalia. Lakini mutu mwenye alizaliwa mu shamba anaona vitu. Pale mbele kabisa, kando ya shamba ya bibi, niliona kipande kidogo, kidogo sana, sawa kucha. Hakina jina. Hakina michoro ndani. Bibi hakuwahi kukisema.

"Mukubwa, hii ni ya nani?"

Akainama. "Haina mwenyewe."

"Imelala?"

"Imelala. Na mutoto wako anapewa nafasi ya nyuma, na hii inabaki bure? Muongezee, mudogo yangu."

Alisema vizuri. Shamba ya kulala inapewa mugeni, ndiyo desturi. Nikasogeza kile kifaa cha mukono, chenye kutembeza mushale ku ekra, nikakifuta kile kipande. Nilifikiri kitaenda kujiunga na nafasi ya mutoto. Hakikujiunga, juu ya vile shamba ya bibi ilikuwa katikati yao. Nikasema, basi, ataichukua kesho. Nikamuwekea Linux yake kule nyuma vile alikuwa amesema, nikabonyeza. Ikaniuliza kama niko na hakika. Mimi? Mutu wa kuniuliza vile hajazaliwa. Nikabonyeza tena.

Binti alipofika na sinia, kazi ilikuwa inakimbia, mustari unajaa, mukubwa yangu anapiga makofi.

"Papa! Ulifanya pekee yako?"

"Primaire ya ine," nilimujibu.

Alifurahi, nami nilifurahi zaidi. Tulikula ndizi. Ikamaliza, ikazima, ikajiwasha. Tukangoja swali: leo unaingia kwa nani? Haikuuliza kitu. Iliingia mu Linux moja kwa moja, sawa gari yenye haina breki. Binti akaizima, akaiwasha tena. Linux. Mara ingine, Linux. Bibi alikuwa amesimama ku mulango, kitambaa cha bamama ku mukono, anakikunja, anakikunjua. Mimi namujua: akikunja vile, ni mubaya.

"Windows haiko ku liste," binti akasema polepole. Akafungua ile shamba kubwa kutoka ndani ya Linux. Na tazama, michoro yote ilikuwa pale! Njiwa, taa, majina ya bamama, hata ile programu ya broderie. Yote imelala vizuri.

"Si unaona?" nilisema. "Hakuna kimepotea."

"Fungua, basi, ishone," bibi akasema.

"Mama, programu yako haiwezi kutembea ndani ya Linux. Inaomba Windows yake, na Windows haiamuki."

"Donc naangalia maua yangu sawa mutu wa njaa anaangalia chakula ku dirisha."

Hapo ndipo nilielewa. Mukubwa yangu mpaka leo anasema ni yeye, lakini ni mimi, bibi ni shahidi. Shamba iko. Mavuno iko. Kuingia hapana. Na ku shamba, kile kipande chembamba chenye hakuna mutu analima, chenye majani yanaota bure, chenye mugeni anafikiri hakina mwenyewe, ni nini?

"Njia!" nilipiga kelele. "Mukubwa, tulilima njia!"

Mukubwa akashika kichwa. "Njia ya kuingia! Haya ni maneno ya kupelekana kwa chef wa kijiji."

Binti aliruka kutoka ku kiti. "Papa, ni ile! Kile kidogo ndicho Windows inapitia ikiamuka! Iko mahali gani sasa?"

"Pale pale. Haikujiunga na kitu. Iko wazi."

"Basi tunaweza kuifungua tena. Mais naomba flash ya Windows."

Saa ile ile jirani akaingia, kofia bado ku kichwa. Tukamuelezea. Akacheka mpaka akajishika ku mulango.

"Mimi naenda kuswali kidogo tu, ninyi munauza barabara? Bayaya, bakubwa ba Kalunguta!"

"Cheka, lakini ulete flash," bibi akamuambia.

Akaenda ku duka yake mbio, akarudi nayo. Ndiyo maana ya bashahidi, nilisema: si kula ndizi tu. Binti akaingiza flash, akatengeneza kile kipande mahali pake pa zamani, akaandika maneno mafupi mafupi juu ya ekra nyeusi. Bibi aliweka mukono juu ya bega langu, na sikujua kama ni kuniombea ao ni kunishika nisikimbie. Ikazima. Ikawaka. Nyeusi. Nyeusi tu. Kisha ile rangi ya Windows, na nyuma yake ile picha ya ndege yenye bibi anapenda.

Mutu asikudanganye kwamba furaha ni ya batoto. Nilimubeba binti yangu juu, na ni mutu mukubwa! Akapigana na mimi ili arudi ku kazi, juu ya vile sasa Windows ilikuwa imefunika Linux, na ikabidi aifungulie Linux pia njia yake. Mwisho, likatokea swali, majina mbili moja chini ya ingine.

"Ya kwangu ikae juu," bibi akasema. "Mimi nilikuwa mu kiwanja mbele."

Hakuna shahidi alikataa. Akabonyeza ya kwake, akafungua njiwa wa kwanza, na mashini ikaanza kupiga, tatatata, uzi mweupe ukipanda ku kitambaa cha buluu. Mukubwa yangu alivuta kiti karibu, akaangalia sindano sawa mutu anaangalia mpira.

Binti aliniambia vile vipande vinaweza kupewa jina. Kesho yake, mbele ya kurudia kazi ya mwalimu, nilimukalisha, nikamuamuru aandike jina ku kile kidogo cha mbele, kwa herufi kubwa: NJIA. Kwa kesho kutwa, mutu wa kwetu akikuja kugawa, asiilime tena.