Barafu ya Kusini Yafika Bweranyange

Katikati ya miaka ya themanini, wizarani waliona wakulima wa bara nao waelezwe msimamo wa serikali juu ya bahari kuu na ncha za dunia. Wakatafuta mtu wa pwani, wakaniokota mimi mtoto wa Tanga. Hawakuuliza kama nawezana na meli.

Mwanza hadi Bukoba nilitapika njia nzima, tena ziwani tu. Mama mmoja muuza senene alinishikia ndoo, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia mimi mwalimu. Ningesema mtaalamu wa bahari, angeitupa ndoo kwa kicheko.

Kutoka Bukoba nilipanda lori la chumvi, nikashuka Bweranyange nikiwa mwekundu kwa vumbi. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea kwa kahawa ya kutafuna na sahani ya ndizi. Tukiwa tunakula akaniambia kwamba baada ya hotuba yangu kuna kajambo kadogo: Mama Felisita, mjane aliyetoka Rwanda zamani, atanyang'anywa kibanja chake cha migomba apewe mpwa wake yeye mwenyekiti.

"Ni wa kuja, Ndugu. Sisi ndio tuliotangulia."

Nikaendelea kutafuna. Mdomo ulikuwa umejaa ndizi zake.

Mkutanoni nilieleza jinsi mataifa makubwa yalivyofika kwenye barafu ya kusini, yakachomeka bendera na kudai ni pao. Sisi twasema hapana: pale, kama ilivyo sakafu ya bahari kuu, ni urithi wa wanadamu wote. Mwenyekiti alipiga makofi kuliko wote.

"Wanyonyaji hao! Kutangulia ndiyo hati?"

Mama Felisita akanyoosha mkono. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenye barafu, aliyetangulia hawezi kumfukuza aliyekuja nyuma?"

"Hawezi, mama."

"Hata kama mpwa wake anapataka?"

Watu wakaanza kukohoa. Lori la kunirudisha lilikuwa la shemeji yake mwenyekiti, na kusema kweli niliogopa. Lakini yule mama alikuwa ananitazama.

"Hata mpwa, mama."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akakuna kichwa weee, mwisho akasema, "Basi, Mama, kapalilie migomba yako. Serikali ikishasema imesema."

Asubuhi lori lilijaa ghafla. Nilitembea hadi barabara kuu, mkungu wa Mama Felisita kichwani, nikiwa na furaha ya kijinga.

Dar es Salaam, bosi aliuliza kama wakulima wameielewa sera ya barafu.

"Kijiji kimoja kimeshaanza kuitekeleza, mzee."

Akacheka sana. "Na wewe umejifunza nini?"

"Kwamba ni rahisi kugawa ardhi isiyoota mgomba."

Bosi wangu ana viwanja Mbezi. Hapo hakucheka.