Kiti cha Dirishani, Mvua Inaponyesha

Homa ya uti wa mgongo iliondoka na masikio yangu nikiwa darasa la tano. Nilipoingia sekondari, kule juu upande wa Ikonge, nilikuwa na vitu viwili vya kunisaidia: mashine nyuma ya sikio la kushoto, iliyoniletea kelele kuliko maneno, na kiti cha mbele kando ya dirisha. Kutoka pale niliuona uso wa mwalimu kwenye mwangaza, nikasoma midomo yake. Bila kiti kile ningekuwa navaa sare bure.

Mwalimu wa historia hakuniamini. Alipenda kuliita jina langu akiwa nyuma yangu, kisha anazunguka haraka kuona kama nimeshtuka. Nilijua nimeitwa kwa sababu darasa zima lilikuwa linanitazama.

Huku kwetu mvua huja baada ya chakula cha mchana, na darasa letu lilikuwa la mabati yasiyo na dari. Ikianza, mwalimu alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na bado hakuna aliyeambulia neno. Mimi niliendelea kuandika. Wa nyuma yangu walinidunga kalamu mgongoni, nikigeuka wananiuliza, "We kiziwi, amesema nini?" Niliinua daftari, wakanakili. Saa hizo walinipenda.

Siku moja mvua ilipokatika, mwalimu aliuliza swali kuhusu yale aliyofundisha. Hakuna aliyejaribu. Nikainua mkono, nikajibu lote, pamoja na mfano alioutoa. Nilitarajia pongezi. Aliweka chaki mezani polepole.

"Wenye masikio hawajasikia. Kiziwi amesikia," akasema. "Huyu amekuwa akituchezea."

"Nilisoma midomo, Mwalimu."

"Haya, soma."

Akafunika mdomo kwa kiganja, akasema kitu nyuma ya kiganja hicho. Darasa likaangua kicheko. Mpaka leo sijui alisema nini.

Mama aliitwa. Alitoka moja kwa moja kuchuma majani chai, matope yakiwa bado kwenye mabuti yake ya mpira.

"Mama, msichana wako anasikia kuliko wote," mwalimu akamwambia, huku akinitazama mimi, ili nisome vizuri.

Nilingoja mama abishe. Alifumba macho, akainua mikono juu. Kanisa letu lilikuwa limeniombea tangu niugue, na sasa hapa alikuwepo mtu msomi, shahidi. Sabato iliyofuata alitoa ushuhuda mbele ya waumini, akilia, mkono wake begani mwangu. Akina mama walinishika masikio mmoja mmoja, wakitabasamu kwa furaha. Baada ya hapo ningemwambia nini?

Jumatatu nilikuta begi langu kwenye kiti cha nyuma kabisa. Cha dirishani alikuwa amepewa kiranja wa darasa.

Mchana mvua ikaja. Kutoka nyuma niliona visogo, safu baada ya safu, na mbali kule mwalimu akirusha mikono. Mdomo wake ulikuwa doa tu. Wengine wakanigeukia kwa mazoea, na kiranja akatoka mbele na daftari lake mpaka kwenye kiti changu.

"Amesema nini?"

Nikatikisa kichwa.

Kiranja aliinama mbele ya uso wangu. Akasema taratibu, akiufungua mdomo vizuri, jinsi nilivyowafundisha mimi mwenyewe:

"Sasa wewe kazi yako hapa ni gani?"

Akarudi kwenye kiti cha dirishani, wengine wakageuka mbele. Mabega yao yakaanza kutikisika, nikajua wanacheka.