Miguu ya Mkwe

Mama yangu alikaa nyumba moja na mume wangu miezi minne bila kumwona uso. Alimjua kwa miguu tu. Ile miguu ikisikika barazani, mama alijifunika kitenge kichwani, akapapasa ukuta mpaka mlango wa jikoni, akatoka mbio, mara nyingine na mwiko mkononi. Siku moja alitoka kwa kupitia dirishani. Alikuwa na umri wa karibu miaka sitini, na dirisha lenyewe lilikuwa dogo.

Ngoja nieleze vizuri. Nilipokuwa mtoto, baba yangu aligombana na kaka yake kwa sababu ya nyavu, akampakia mama kwenye mtumbwi na kuhamia kambi ya mbali nyuma ya kisiwa cha Chisenga, ndani ya mafunjo, mahali ambapo hakuna mtu angemuuliza kitu. Mimi nikaachwa Kashikishi kwa shangazi ili nisome. Walisema watarudi hasira zikiisha. Hasira za baba hazikuisha. Uhuru ulikuja, wazungu wakaondoka, nikajifunza kushona kwa cherehani, nikaolewa na mfanyabiashara wa samaki kutoka Pweto, upande wa Kongo, na wao bado walikuwa kwenye mafunjo wakikausha samaki. Mahari ilipelekwa kwa mtumbwi: blanketi, jembe na sufuria. Walipokea, wakashukuru, hawakuja. Habari za dunia ziliwafikia, lakini kusikia habari ni jambo moja na kuzizoea ni jambo lingine.

Katikati ya miaka ya sabini, baada ya wavulana watatu, nilijifungua binti. Nikatuma salamu kwa wavuvi. Safari hii wazazi wangu walikuja. Walipanga kukaa siku mbili, wambebe mjukuu, warudi. Walipokuwa wanaingia bandarini, boti ya injini ikapita karibu mno, ikausukuma mtumbwi wao juu ya jiwe, ukapasuka kutoka mbele hadi katikati. Watu waliubeba mpaka nyuma ya nyumba yangu. Baba akauzunguka mara mbili akasema ataushughulikia polepole. Ndivyo walivyokwama kwetu, na kwetu kulikuwa wakati mwingine kabisa.

Baba alikuwa na kopo la bati, na ndani yake cheti cha utambulisho cha enzi za wazungu, kile tulichokiita chitupa. Alikitoa kila alipomwona mwanamume mwenye kaptula na soksi ndefu. Alimpa mwalimu wa shule. Alimpa mkaguzi wa afya aliyekuja kutazama choo chetu. Siku tuliyopanda basi kwenda Nchelenge, kondakta aliita "Tiketi!" na baba akamkabidhi chitupa. Yule kijana alikisoma chote, akamrudishia kwa mikono miwili. Mpaka leo namwombea heri. Nilipomwambia baba kwamba Bwana Disi, yule mkuu wa wilaya wa kizungu, aliondoka zamani, alinitazama kwa huruma.

"Huwa wanarudi," alisema. "Wewe shona tu."

Kwa redio alichuchumaa, akapiga makofi ya heshima, akasubiri kuitikiwa. Msomaji wa habari aliendelea kusema bila kumjali, na baba akaamua kwamba mtu yule hakulelewa vizuri. Mama yeye hakuingia kabisa sebuleni redio ikiwaka. Hakuwa ameambiwa kama ile sauti ya kiume ni ya ndugu wa mume wangu.

Maana kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani uso, hawali pamoja, hawapishani njiani, mpaka siku mkwe anapoingizwa. Siku hiyo mama mkwe anampikia kila chakula, anamfunulia chungu kimoja kimoja, na kuanzia hapo mkwe ni mtoto wa nyumba. Mume wangu hakuwahi kuingizwa. Aliyetakiwa kumwingiza alikuwa mafunjoni. Kwao Kongo wanaijua heshima hiyo, basi hakulalamika mwanzoni. Alizoea kukohoa mara tatu kabla ya kuingia ndani, ili mama apate nafasi ya kukimbia.

"Mama ya batoto," aliniambia mwezi wa tatu wa kukaa kwao, "mi nachoka. Mutu anakohoa kwa nyumba yake mwenyewe? Jirani ananiletea dawa ya kifua, anasema nitakufa."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Baba alikuwa ameziba ufa kwa vitambaa na lami, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Nilijua mtumbwi ule ukigusa maji, sitawaona tena kwa miaka mingine mingi, labda sitawaona kabisa. Niliwataka wakae. Nilitaka binti yangu awe na bibi, na mimi niwe na mama, hata kwa kuchelewa.

Nikamwambia mama hivyo. Akasema, "Nitakaaje, mwanangu? Nimechoka kukimbia. Hapa ni kwa mkwe."

"Basi mwingize!" Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia.

Akachezea ncha ya kitenge. "Kwa chakula gani? Sijui anachokula."

Hapo ndipo nilipoelewa. Chakula ambacho hajamwonyesha, mkwe hawezi kukila mbele yake. Wanawake wa jirani walimshauri apike kuku, samaki na maharagwe, aishie hapo, siku hizi watu wanafupisha. Mama alikataa. Alikuwa amechungulia jikoni kwangu na kuona kwamba mume wangu anakula mambo ya ajabu: mkate, chai ya maziwa, wali, makaroni, samaki wa kopo, anakunywa na soda. "Mnataka akae na mimi afe njaa?" aliuliza. "Atakachokula, nitakijua kwanza."

Kwa hiyo mimi na mama tulipika wiki tatu. Mkate ulimtisha. Unga ulipoanza kuumuka alisema umeoza, akautupa kwa kuku, na mimi nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Wa pili aliulinda mwenyewe, akiufunua kila dakika kumwona "mgonjwa" anavyovimba. Kopo la samaki alilipasua kwa panga, akawatazama wale samaki waliopangwa vichwa kwa mikia, kisha akatazama ziwa, ambalo liko pale pale chini ya soko.

"Hawa walikosa nini?" aliuliza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na sikuwa nimewahi kupika na mama yangu. Nililia kidogo juu ya makaroni, nikasingizia moshi.

Kila siku baba alikuwa nyuma ya nyumba na lami yake. Nilipomuuliza mtumbwi utaingia majini lini, alijibu, "Ukiisha." Siku moja kabla ya sherehe niliuona. Ulikuwa umeisha.

Tulimwingiza mume wangu siku ya Jumapili, baada ya ibada. Vyungu na sufuria vilijaa ua mzima, meko matano yakiwaka kwa pamoja, na maharagwe, kama kawaida yake, yakakataa kuiva. Kuni zikaisha. Niligombeza kila aliyekuwa karibu. Mara nikasikia shoka nyuma ya nyumba.

Nilikimbia. Baba alikuwa anaukata mtumbwi. Alikuwa ameanzia mbele, pale alipokuwa amepaziba vizuri zaidi.

"Tata!" nilisema.

"Mti mkavu," alisema bila kuinua kichwa. "Unawaka vizuri. Peleka, mkwe anangoja chai."

Nikabeba vipande viwili kifuani, lami ikanichafua nguo ya kanisani, na sikujali hata kidogo.

Mume wangu aliketi mkekani, kichwa chini. Mama alipiga magoti mbele yake, amejifunika, akafunua chungu kimoja kimoja huku wanawake wakipiga vigelegele. Kuku, ale. Maharagwe, ale. Wali, ale. Mkate aliutaja mara mbili kwa fahari. Soda ilipofunguliwa na kutoa povu alirudi nyuma, kisha akaisogeza kwa kidole kimoja: anywe.

Halafu akavua kitenge kichwani. Macho yake yalianzia kwenye miguu aliyoizoea, yakapanda polepole, magoti, mikono, mpaka usoni. Akatazama muda mrefu. Alimwambia kwa kile Kiswahili cha wachuuzi wa samaki, alichokijua kidogo:

"Uko na mvi. Nilizania ni kijana."

"Mama," mume wangu alisema taratibu, "nilikuwaka kijana. Ni nyinyi mulichelewa."

Mama alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akacheka, machozi yakimtoka, akakaa kando yake kwenye mkeka ule ule na kummegea mkate. Mume wangu alipokea, akala, na kwa mazoea tu akakohoa mara tatu.

Hakuna aliyekimbia.