Podikasti ya Fundi wa Siti

Mimi ni fundi wa siti za bodaboda mjini Arua. Siti ikichanika, ninavua leza ya zamani, yaani ile ngozi ya plastiki inayoifunika, ninakata sponji mpya, ninashona leza nyingine na kuibana chini kwa pini. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne, na kwa miaka hiyo yote sikujua kwamba nina wateja. Nilijua nina siti. Wateja walikuwa wa mke wangu.

Yeye ndiye aliyekuwa anakaa mlangoni. Aliwaita waendeshaji kwa majina ya steji zao, yaani vituo wanakosubiria abiria, na kuwagombeza kwa kukalia siti mbovu mpaka wenyewe wakacheka. Siti ikiwa tayari, yeye ndiye aliyepiga simu. Namba zote zilikuwa ndani ya simu yake, na simu hiyo ilifungwa kwa mchoro wa kidole ambao sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa sikuwahi kuwa na mtu wa kumpigia.

Aliugua siku nne akafa. Tulimzika kwetu Manibe kesho yake. Walikuja majirani, watu wa kanisa, na wachache kutoka kwao Koboko. Wateja hawakujua. Nilijaribu kuifungua simu yake kwa kila mchoro niliouweza, mpaka simu ikaniambia nimejaribu mara nyingi mno. Nikaiacha.

Nilifunga karakana miezi miwili. Nilipofungua, steji zilikuwa zimepata mafundi wengine. Kaka yangu mkubwa akaja kutoka Manibe kwa baiskeli, akatazama meza tupu, akasema nirudi nyumbani kulima. Hakusema kwa ubaya. Shamba langu la mihogo lipo, alisema, nyumba ipo, na mtu aliyefiwa hapaswi kukaa mjini akitazama ukuta. Tukakubaliana kwamba mvua za kupandia zikinikuta bado sina kazi, nitafunga moja kwa moja. Nilikubali kwa mdomo. Nilijua nikirudi Manibe nitakuwa mtu wa kukaa karibu na kaburi, na sitafanya kingine.

Habari ya podikasti ililetwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayeuza vifaa vya simu Koboko. Alinieleza kwamba ni kipindi kama cha redio, ila mtu anajirekodi mwenyewe kwa simu, na sauti inatumwa kwenye makundi ya simu. Asiye na data anawekewa kwenye memori kadi. Muuza vifaranga mmoja wa Koboko alikuwa anaongea kila wiki juu ya magonjwa ya kuku, na sasa watu walikuwa wanapanga foleni kwake. Nikamuuliza mimi nitasema nini. Akasema nifundishe ninachokijua, kwa sababu anayefundisha huaminiwa, na anayeaminiwa hutafutwa. Tungetumia Kiswahili. Mimi ni Mlugbara, mke wangu alikuwa Mkakwa, mtoto wa askari aliyekulia Kiswahili cha jeshini, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichokuwa katikati.

Shemeji alikuja Arua na simu nzuri. Chumba changu kilimpendeza, kwa kuwa sponji zilizopangwa ukutani zinameza mwangwi. Tukasubiri umeme ukatike, ili mashine ya kusaga ya jirani inyamaze. Hatukusubiri sana.

Alikuwa ameniandikia karatasi. Mstari wa kwanza ulisema mimi ni fundi namba moja West Nile nzima. Nikamwambia kuna fundi huko kwao Koboko anayeshona kona vizuri kuliko mimi. Akasema hakuna aliyeuliza. Nikasema yule fundi atasikia. Akaikunja karatasi.

Basi nikasema ninayoyajua. Nilisema maji hayaingilii kwenye tundu unaloliona, yanaingilia kwenye mshono. Nilisema sponji iliyotolewa kwenye godoro kuukuu ni rahisi lakini inalala, yaani inabonyea isiinuke tena, baada ya miezi mitatu, na kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuitumia mara moja na mteja akarudi. Nilisema ambaye siti yake haijachanika asije. Hapo nikawa nimemaliza.

Shemeji alisimamisha simu. "Shemeji, unaongea kama mutu anaficha mbuzi ya jirani. Na unafukuza watu."

"Lakini ni kweli."

"Kweli iko mingi. Chagua ile inaleta mutu."

Akawasha tena. Nilifikiri ni kweli gani nyingine niliyokuwa nayo, nikaona ni moja. Nikasema wale waliokuja wakakuta mlango umefungwa wanisamehe, nilikuwa na msiba, yule mama wa mlangoni alikuwa mke wangu na amekufa. Baada ya hapo sikuweza kusema kitu. Shemeji hakusimamisha simu. Kuku wa jirani anasikika akipita. Alituma hivyo hivyo, dakika tisa, na kwa hesabu yake mbili kati ya hizo ni kimya.

Siku sita hakuja mtu. Siku ya saba, asubuhi, nilisikia pikipiki nyingi. Niliinuka nikafuta meza, nikashusha sponji mbili, nikatia uzi kwenye cherehani. Zilikuwa pikipiki kumi na moja kutoka Koboko. Wenyewe walizipanga mstari mmoja nje, wakavua kofia, wakaingia mmoja mmoja wakinipa pole. Walileta unga wa muhogo, maharage, na bahasha ya rambirambi.

Kwetu, mtu akisikia habari ya msiba alioukosa, huenda kukaa na wafiwa hata kama miezi imepita. Asipokwenda, ni kama amesema aliyekufa hakuwa mtu. Sisi watu wa huku hatuwezi kusikia habari ya kifo tukaendelea na habari ya siti. Hilo nilikuwa ninalijua tangu utoto, na bado nililisema kwenye tangazo la biashara.

Walikaa kwenye benchi, kwenye sponji na chini. Nikachemsha chai. Kutoka nilipokaa, niliziona pikipiki zao kupitia mlangoni. Siti zote kumi na moja zilikuwa zimechanika. Moja ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tyubu. Nyingine haikuwa na sponji kabisa, ilikuwa na gunia. Mimi sijui njia ambayo mfiwa anaweza kumwambia aliyekuja kumpa pole kwamba siti yake imekwisha. Nao, kama nilivyokuja kuambiwa, hawakujua njia ya kumwomba mfiwa kazi. Kwa hiyo sote tulitazama ukuta.

Mwishowe mwenyekiti wa steji yao, mtu wa makamo, aliuliza kaburi liko wapi. Nikafunga karakana, nikapanda nyuma yake, tukaenda Manibe. Siti yake ilikuwa imelala kiasi kwamba nilikalia chuma njia nzima. Sikusema kitu.

Baada yao walikuja wa Adumi, kisha wa Ayivu, kisha wa steji za hapa mjini. Katika wiki mbili nilifunga karakana mara tano ili kuwapeleka watu kaburini. Shemeji alipiga simu kuuliza nimepata wateja wangapi. Nikasema hakuna, ila waombolezaji ni wengi. Akaniambia nirekodi tena niseme msiba umekwisha, sasa watu walete siti.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa anawapokea Manibe na kuwatolea viti. Mara ya tano aliniuliza hawa watu wametoka wapi. Nikasema wamesikia podikasti. Akasema alidhani hiyo ilikuwa ya kutafuta kazi. Nikasema mimi pia nilidhani hivyo. Mvua zilianza wiki ile. Akasema Jumamosi atakuja na pikapu kuchukua cherehani.

Nilirekodi mara ya pili nikiwa peke yangu, umeme ulipokatika. Sikuweza kusema alivyotaka shemeji, kwa sababu ungekuwa uongo. Nilisema hivi:

"Msiba haijaisha, siwezi kudanganya. Lakini mchana mimi niko hapa na mikono haina kazi. Ule anakuja kukaa na mimi, akuje. Ule iko na siti mbovu, akuje nayo. Mama ya mlangoni alikuwa anagombana na nyinyi juu ya siti. Mukileta, hamujamukosea heshima."

Nikamtumia shemeji. Alijibu neno moja, "Afadhali," akaituma.

Siku ya Ijumaa alikuja yule mwenyekiti wa Koboko, peke yake. Aliivua siti yake mwenyewe, akaiweka juu ya meza.

"Fundi, ile siku niliona aibu kukuambia."

"Mimi pia niliona aibu."

"Ulikalia hii kitu mpaka Manibe."

"Niliikalia."

"Na hukusema."

"Ulikuwa umekuja kunipa pole."

Akacheka. Kisha akakaa, na nilipokuwa ninakata sponji, akanisimulia jinsi mke wangu alivyomzuia mlangoni mwaka fulani na kumuuliza kama humpandisha mama mkwe wake juu ya chuma kile, na kama ndoa bado ipo. Siku hiyo hiyo aliacha siti. Mimi niliishona, lakini habari hiyo sikuwa ninaijua. Nilimwambia arudie kidogo, mashine ya jirani ilikuwa inapiga kelele. Akarudia.

Jumamosi kaka alifika na pikapu. Ndani ya karakana walikuwemo watu saba. Juu ya meza zilikuwapo siti nne, na watu waliendelea kuzungumza juu ya marehemu, mmoja akimsahihisha mwingine kuhusu aina ya matusi aliyoyatumia. Kaka alisimama mlangoni, akaniita pembeni, akaniuliza kwa Kilugbara ni wangapi hapa wateja na wangapi wamekuja msibani.

"Sijawauliza," nikasema.

Akawatazama tena. Dereva alipiga honi. Kaka akatoka, akazungumza naye, na pikapu ikaondoka bila cherehani. Aliporudi alisema shamba langu atampa mtu apande mihogo, msimu huu tu. Nikasema asante. Alivua koti, akauliza ashike wapi. Nikampa kona ya leza aivute wakati mimi ninabana pini. Aliivuta kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, ikabidi nirudie upande ule.