Vioo vya Makindye

Katika ofisi yetu ya wasanifu majengo, Kampala, mimi nilikuwa mtu wa matofali. Tulichora kwa mkono, kwa rangi za maji, zile picha za kumwonyesha mteja jengo lake kabla halijajengwa. Tofali langu ungedhani litakukwaruza kidole. Vigae, lipu, mabati yaliyoanza kutu, vyote nilivimudu. Kioo ndicho kilichonishinda. Vioo alipewa mwenzangu, binti wa polisi aliyekulia kwenye kota za Nsambya, nami nilimwonea wivu kupita kiasi.

Wala hakuficha ufundi wake. Kabla ya kuchora dirisha alikwenda kwenye kiwanja cha jengo, akakipa kisogo, akachora kilichosimama ng'ambo ya barabara.

"Kioo itaona hii tu, kaka," alinieleza.

Kisha alikitia dirishani kwa rangi iliyofifia, kushoto kukiwa kulia, akamalizia kwa kukwaruza karatasi kwa ncha ya wembe, na mwanga ukaruka. Wembe ulikuwa adimu siku hizo za utawala wa kijeshi. Wake aliufunga kwenye leso. Nilijaribu vivyo hivyo, kisogo, wembe na yote. Nikapata dirisha lililopigwa lipu.

Ikaja kazi ya nyumba za maofisa wa jeshi, Makindye. Nilimsihi mzee, mkuu wetu, anipe picha nzima. Akanipa kuta. Nilipaka matofali yangu nimenuna, nikimsikia yule binti akiimba chini chini upande wa pili wa meza.

Meja mmoja alikuja na askari wawili kuikagua picha. Kuta zangu alizipita tu. Kwenye vioo akainama. Ndani ya dirisha la sebule lilionekana geti la kambi ya jirani: magunia ya mchanga, mlinzi, lori.

"Hii geti ni ya sisi. Nani nachora?"

Mzee alirudi nyuma hatua moja. Hata wakati ule wivu ulinipanda: mtu ametambua geti lake kwenye kioo chenye upana wa kucha!

"Ni mimi, afande," mwenzangu alisema.

"Macho yako inaona sana." Meja alimkazia macho. "Toa hii kitu. Sasa hivi."

Mwenzangu alishika brashi, ikamponyoka. Mzee akanisukumia mimi picha. Basi nikavipata vioo. Nilivifunika kimoja kimoja kwa rangi nzito, nyeupe yenye buluu kidogo, meja akinihemea kisogoni. Kila nilipofunika nilichungulia kwanza, nijue alivyofanya. Sikujua.

"Sasa hii ndiyo dirisha!" Meja alinipiga begani. "Wewe unajua kazi."

Hakuna mwingine aliyewahi kunisifia kioo.

Lori lao lilipoondoka, mwenzangu alijifuta machozi akaja kutazama. Nilisubiri anishukuru. Aliiinua picha, akaigeuza kuelekea mwangani, akairudisha mezani taratibu.

"Ukuta mzuri, kaka," alisema.